"Tulisha kuzobelea": Kicheko, kilio na tumaini katika sanaa za Lubumbashi

Neno moja linatembea sana katika mji wetu wa Lubumbashi. Umeme umekatika siku ya tatu: tulisha kuzobelea. Mishahara ya walimu imechelewa: tulisha kuzobelea. Barabara iliyotengenezwa mwaka jana imekuwa mashimo matupu: tulisha kuzobelea, ndugu, weye unashangaa nini? Tena mwenye kulisema halii. Anapandisha mabega, anacheka kidogo, na wote waliopo wanacheka pamoja naye. Aliyeuliza swali anabaki na haya, kama vile yeye peke yake ndiye mtoto asiyejua dunia.

Katika kurasa hizi tunataka kulipima neno hilo. Hatutaki kulihukumu mbio mbio, juu lilizaliwa katika mateso ya kweli. Lakini watu wengi waliosoma wanasema kwamba kicheko hiki ni mila yetu, kwamba Mkongomani ameumbwa kucheka shida zake. Hapo hatukubaliani nao. Tukiangalia vizuri mila za wazee, pamoja na kazi za wasanii wa mji huu, tunakuta vicheko viwili. Kimoja kinakaa karibu na kidonda ambacho mwenyewe amekubali kukionyesha. Kingine kinakaa juu ya kidonda ili kisionekane. Cha kwanza tulirithi. Cha pili tulijifunza, na tulichojifunza tunaweza kukiacha.

1. Neno hili linatoka wapi?

Watu hawakuamka asubuhi moja na kuacha kutumaini. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilipozoea kumchukua mfanyakazi pamoja na bibi na watoto wake, ilimpa nyumba, posho, hospitali na shule. Gécamines, iliyokuja baada ya kampuni ile kutaifishwa, ilifuata njia ile ile. Mtu hakuwa na lazima ya kuwaza juu ya kesho: kazi ni baba, kazi ni mama.

Halafu baba akaanguka. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 470.000. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ilibomoka. Mwaka 1991 ukaja uporaji. Mwaka 1992 na 1993 watu waliokulia kwenye avenue moja wakafukuzana, na wenye asili ya Kasai wakalala kwenye stesheni pamoja na vyombo vyao, wakingojea gari-moshi. Tena kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari". Jina lenyewe lilikuwa kama mzaha. Mwanahistoria wetu Donatien Dibwe dia Mwembu alipoandika mwaka 2001 kitabu juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga, alikipa jina la Kifaransa linalosema kwamba Bana Shaba wameachwa na baba yao.

Mtoto aliyeachwa na baba hujifunza kutongoja kitu. Ndipo Article 15 ikawa sheria ya kila nyumba. Wazee wanasimulia kwamba ilitoka Kasai ya Kusini, wakati wa kujitenga, watu walipolalamika wakajibiwa: "Jipangeni wenyewe." Ikiwa ilianza hivyo ao hapana, nchi nzima iliipokea. Mwanzoni ilikuwa akili ya kuishi, na tunaiheshimu: watoto wengi walikula na kusoma kwa nguvu ya mama aliyeuza mkate na mafuta mbele ya mlango. Lakini nyuma ya miaka mingi, akili ya kuishi iligeuka kuwa roho ya kudharau. Mtu hajipangi tu. Anamcheka na yule anayetaka tupangane pamoja. "Unaamini hayo? Weye ungali mutoto."

Kwa hiyo tuseme wazi: kuzobelea kulikuwa dawa ya maumivu. Kila mganga anajua kwamba dawa ya maumivu haiponyeshi kidonda. Na mwenye kuimeza kila siku, hata moto ukimgusa, hasikii tena.

2. Kicheko cha banungwe

Wale wanaosema kwamba kicheko cha leo ni mila, tunawaomba watufuate mpaka kwenye kilio cha zamani.

Walamba, Wabemba, Waaushi na wengine wa upande wa kusini wa Katanga wana bunungwe, yaani utani wa koo. Ukoo wa chui na ukoo wa mbuzi ni banungwe, juu chui anakula mbuzi. Wakikutana njiani wanatukanana mbele ya watu wote, na hakuna mwenye haki ya kukasirika. Mgeni anaweza kuona ni mchezo tu. Lakini kazi kubwa ya mnungwe inaonekana siku ya kifo. Yeye ndiye anayeshughulika na maiti na kaburi, kazi ambazo mikono ya wafiwa haiwezi. Tena yeye ndiye mwenye ruhusa ya kufanya mizaha palepale: anaiga namna marehemu alivyotembea, anadai madeni yake, anasema amechoka kuchimba na anataka alipwe kwanza.

Tuangalie kazi zilivyogawanywa. Mfiwa analia, ndiyo kazi yake, na hakuna anayemwambia anyamaze. Mnungwe anacheka, ni kazi yake vilevile, lakini anacheka akiwa na jembe mkononi. Bila machozi ya yule, kicheko cha huyu hakina mahali pa kusimama. Tena mnungwe anajua kwamba kesho ni zamu yake. Yule anayemcheka leo ndiye atakayemzika. Kicheko chake ni deni.

Sasa tulinganishe na "tulisha kuzobelea". Hapa wote wamejifanya banungwe na hakuna anayekubali kuwa mfiwa. Wote wanacheka, na kaburi hakuna anayelichimba. Wazee walisema: mficha maradhi, kilio kitamfichua. Katika mji wetu, ambako kilio ndilo jina la matanga yenyewe, methali hii ina uzito mara mbili. Yule aliyekataa kulia wakati wa ugonjwa, atalia wakati wa mazishi.

3. Mufwankolo na firigisi ya kuku

Kikundi cha Mufwankolo kilifanya watu wa Lubumbashi wacheke kwa miaka mingi, kwa Kiswahili chetu cha kila siku, kwenye radio na televisheni. Wengi wanakikumbuka kwa vichekesho tu. Sisi tunataka kukumbusha kazi yake ya mwaka 1986, ile yenye jina la Kifaransa linalosema kwamba madaraka yanaliwa mazima.

Mambo yalianzia mezani. Mtaalamu Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha kwenye universite ya hapa, aliandaliwa kuku, na neno hilo likasemwa juu ya firigisi, ambayo mila inampa mkubwa peke yake bila kugawanya. Akauliza maana yake. Kila mtu akajibu lake. Alipowauliza waigizaji wa Mufwankolo, nao wakabishana, mpaka wakaamua kutunga mchezo mzima juu ya swali hilo. Fabian alieleza yote katika kitabu kilichotoka mwaka 1990.

Jambo la kushika ni lile la kubishana. Leo neno hilo ukilitaja kwenye bar, hakuna anayebisha. Maana yake imefungwa: mkubwa anakula peke yake, na sisi tukipanda kesho tutakula vilevile. Waigizaji wale hawakulikubali jibu la haraka. Je, kula madaraka mazima ni kuwanyima wengine? Ao ni kubeba mzigo wote bila kumtupia mwingine? Ao ni kwamba madaraka yakigawanywa vibaya kijiji kinavunjika? Walikuwa chini ya chama kimoja cha MPR, wakati ambapo kuuliza hadharani madaraka ni nini hakukuwa mchezo wa kitoto. Walijikinga kwa kuweka mambo kijijini, kwa sultani wa zamani. Lakini swali waliliweka katikati ya watu, na mwenye kuuliza swali anakubali kwamba hajui. Huo ndio mwanzo wa kutumaini: kukubali kwamba jibu halijafungwa.

Hapa tukosoe kidogo. Vichekesho vingi vilivyokuja nyuma yao kwenye televisheni vilirithi mlevi, bibi mkali na mwizi mjanja, lakini swali vililiacha. Mtazamaji anacheka, anazima televisheni, analala. Kikundi kikubwa hakipimwi kwa idadi ya vicheko. Kinapimwa kwa maneno yanayobaki kwenye midomo ya watu wakati wa kurudi nyumbani.

4. Tshibumba na damu inayoandika

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947 katika mji huu, na tangu mwaka 1981 hivi hakuna aliyesikia habari zake tena. Alichora kwa kutafuta chakula. Kama alipata kitambaa cha gunia la unga, alikipaka rangi, akachora, akazunguka na picha mjini akitafuta mnunuzi. Picha iliyopendwa aliirudia mara nyingi. Tusimfanye malaika: alikuwa mtu wa Article 15 kama wengine wote.

Lakini mtu huyu alijiita mwanahistoria. Mwaka 1973 na 1974 alichora kwa mpango historia nzima ya nchi, picha zaidi ya 100, na kuzieleza kwa Kiswahili katika mazungumzo yake na Fabian. Picha hizo sasa zimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Amsterdam. Humo wamo wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi mwaka 1941 kwa kudai mshahara. Humo yumo Lumumba, mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote.

Tusimame kwenye picha moja, ile ya kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito mwaka 1961, karibu na mji wetu. Miili iko chini. Nyuma kuna misalaba mitatu. Ubavuni mwa Lumumba mna kidonda, na damu inayotoka inaandika chini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Mhakiki wa sanaa anaweza kusema kwamba mchoro wenyewe si wa ufundi mkubwa, kwamba mfano wa Yesu umewekwa wazi mno. Ni kweli kwamba Tshibumba hakujua kuficha anachotaka kusema. Lakini nguvu yake iko palepale. Alionyesha kidonda bila kukifunika kwa mzaha, tena alithubutu kusema kwamba kidonda hicho kinaweza kuandika kitu. Mtu aliyezobelea hawezi kuchora hivyo. Angeona haya. Angeogopa majirani waseme: "Huyu naye, bado analilia Lumumba?"

Maneno kama hayo tuliyasikia mwezi wa sita 2022, wakati Ubelgiji uliporudisha jino la Lumumba, kitu cha pekee kilichobaki cha mwili wake, na sanduku likazungushwa nchini mpaka hapa kwetu, Shilatembo, kabla ya kuzikwa Kinshasa. Wengine walicheka: jino moja, na serikali nzima inavaa suti nyeusi! Tunaelewa kicheko hicho. Viongozi hupenda sana kujipamba kwa wafu. Lakini kwa mila zetu, maiti isiyozikwa haitulii, na jamaa yake haina amani. Nchi ilingoja miaka 61 ili ipate mahali pa kulilia. Aliyesimama kandokando ya barabara bila kujificha machozi alikuwa ndani ya mila kuliko yule aliyecheka.

Tena Tshibumba hakuishia kwenye mambo yaliyopita. Mwishoni mwa mfululizo wake aliweka picha za wakati ujao. Si picha tamu. Lakini kuchora kesho, hata kesho yenye kutisha, ni kusema kwamba kesho ipo na inatuhusu.

5. Requiem na Lucien

Kijana mwingine wa Lubumbashi, Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa mwaka 1981 na ambaye amefanya makao yake Graz, nchini Austria, alitoa mwaka 2014 riwaya yake Tram 83. Wasomaji wa nje waliisifu sana, nayo ikapata zawadi. Sisi tunaisoma kwa macho ya nyumbani, juu ule mji usio na jina, wenye migodi, stesheni isiyomalizika na bar isiyofungwa, tunaujua.

Ndani yake kuna rafiki wawili. Requiem anaishi kwa magendo na kwa kuwatisha wakubwa kwa picha za aibu. Haamini kitu wala mtu. Lucien ni mwandishi, ametoka upande wa pili wa nchi akiwa na daftari, na anataka kumaliza mchezo wake wa kuigiza juu ya Lumumba na historia ya Afrika. Kila mtu anamcheka.

Mwandishi ametumia mdundo kama wa jazz, na orodha ndefu za watu na vitu, na mdundo huo unamfaa zaidi Requiem. Yeye ndiye mwenye maneno makali. Sisi wasomaji tunacheka naye. Hapo kitabu kinatukamata, juu tukifika mbele tunajiuliza: kwa nini tulimpenda mtu anayeuza rafiki zake? Ni kwa sababu anaongea kama sisi. Requiem ni "tulisha kuzobelea" aliyevaa viatu na kutembea. Tena, chini ya ubishi wake, ni mtu mwenye woga. Anawashika wengine kwa siri zao ili yeye asishikwe. Anajua uchi wa kila mtu, na wake hauonyeshi kwa mtu yeyote. Wazee walisema: mficha uchi hazai. Requiem hazai kitu.

Lakini hata Lucien hatutampa sifa zote. Tumaini lake linaelekea Paris, ambako rafiki yake anatafuta jukwaa la mchezo wake. Watu wa bar, walio mbele ya macho yake, anawaandika katika daftari bila kukaa nao kweli. Anaonyesha kidonda chake kwa watu wa mbali. Hapo Tshibumba anampita. Yeye alipeleka Lumumba kwenye sebule za majirani, kwa bei ndogo, kwa lugha yao, na kama picha haikupendeza alirudi nayo begani. Huko ndiko kujihatarisha: kuweka moyo wako mbele ya yule anayeweza kuucheka uso kwa uso, na ambaye utakutana naye tena kesho kwenye bomba la maji.

6. Tumaini lenye gharama

Msomaji anaweza kutuuliza: je, mnataka tuwaamini tena wanasiasa na ahadi zao? Ao wahubiri wanaouza muujiza kwa sadaka? Hapana. Tumaini lile la bei rahisi ni ndugu pacha wa kuzobelea. Mmoja anasema "mambo yatajitengeneza", mwingine anasema "mambo hayatatengenezeka", na wote wawili wanakaa kitini. Hakuna anayeweka mkono.

Tumaini tunalosema lina gharama, na mama zetu sokoni wanalijua. Tuangalie likelemba. Watu kumi wanakubaliana, kila mwezi kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na mmoja anabeba zote. Aliye wa kumi anatoa mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, anawaona wengine wakinunua mashine ya kushona ao mabati ya nyumba, na yeye anangoja. Hakuna polisi, hakuna tribunali. Kama mmoja akikimbia, amepotea. Mara nyingine anakimbia kweli. Hata hivyo mwaka ukiisha wanaanza tena: wanamtoa mwenye kosa, wanabadilisha utaratibu, mwenye shida kubwa anasema shida yake mbele ya wenzake ili apewe zamu ya mbele. Mama yuleyule anayesema asubuhi "tulisha kuzobelea", saa kumi jioni anaweka franka zake mkononi mwa jirani na kungoja miezi tisa. Kinywa chake kimekata tamaa; mkono wake haujakata.

Vilevile tangu mwaka 2000, katika kazi iliyoitwa Mémoires de Lubumbashi, wakaaji wa mji walieleza maisha yao mbele ya wataalamu wa universite na kwenye jumba letu la makumbusho: kazi, njaa, ndoa, kufukuzwa. Haikuwa rahisi kwa mzee aliyekuwa na cheo kueleza namna alivyobaki bila kitu. Lakini aliposema, wengine wakajitambua ndani ya maneno yake.

Kwa kumaliza, tunatoa shauri kwa wenzetu wa mashirika, waalimu na wazee wa komini. Bunungwe tuifundishe yote, jembe pamoja na mzaha, maana vijana wanaijua nusu ya kucheka tu. Picha za Tshibumba ziingie shuleni, hata kama ni kwa nakala, na watoto waulizwe wao wangechora kesho gani. Mchezo wa Mufwankolo ujadiliwe upya, na swali lake liachwe wazi. Na kwenye mikutano yetu, akisimama kijana kuuliza kwa nini shule haina paa wala madawati, tusimjibu kwa kicheko kile. Tumuache aseme linalomuuma mpaka mwisho, halafu tujue ni nani kati yetu atakayeshika jembe.